Noti chini ya gilasi

Noti ya kwanza niliyoachiwa na mgeni wa hoteli niliipeleka kwa mlinzi. Ilikuwa yuro 20, imekunjwa mara mbili, imewekwa chini ya gilasi kwenye kimeza cha kando ya kitanda, na mgeni mwenyewe alikuwa ameshapanda basi kwenda uwanja wa ndege. Ilikuwa 2011. Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nitolewe dobi kupelekwa vyumbani, na jambo ambalo supavaiza alilikazania kuliko hata kutandika shuka lilikuwa hili: chochote utakachokikuta chumbani si chako. Hereni, kitabu, chaja, sarafu iliyoviringika chini ya kitanda, vyote vinaandikwa kwenye daftari la vitu vilivyosahauliwa, na asiyeandika anarudi kwao siku hiyo hiyo. Nikaandika. Tarehe, namba ya chumba, "yuro 20", jina langu, saini. Mlinzi akaitia noti kwenye bahasha, bahasha akaitia kwenye droo.

Utaratibu ulisema mwenye mali asipoulizia kwa miezi mitatu, aliyeokota hupewa. Niliihesabu miezi hiyo kama mtoto anavyohesabu siku za kuifikia Idi. Droo ilipofunguliwa, bahasha ilikuwemo, noti haikuwemo. Hakuna aliyejua lolote. Na mimi, mtoto wa shamba mwenye mshahara wa laki moja na nusu, nikasema ahsante nikatoka.

Niliiacha kazi hiyo 2018, nikaolewa Dar es Salaam. Tangu hapo ndugu na majirani wakitaka kwenda kupumzika ufukweni hunipigia simu: "Wewe ulikuwa hotelini, tuwaachie kiasi gani?" Nawatajia kiasi, wanashukuru, wanakata. Laiti wangeuliza pia wamwachie nani, wapi, na kwa maneno gani, maana ile yuro 20 ilikuwa nyingi mno na haikumfikia mtu. Au tuseme ilimfikia mtu, ila si yule aliyetandika kitanda.

Hoteli ilikuwa Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako enzi hizo vijana wa ufukweni walikijua Kitaliano kabla ya Kiingereza. Wageni wetu karibu wote walikuwa wa bangili. Bangili ni ule ukanda wa plastiki wanaofungwa mkononi wakifika: ameshalipa kila kitu kwao, chakula, vinywaji, kiti cha ufukweni, na kuanzia hapo mpaka siku ya kuondoka hana haja ya kushika fedha. Pochi iko kwenye sefu, mwenyewe yuko pwani na nguo ya kuogelea isiyo na mfuko. Wahudumu wa mezani waliteseka na hilo. Mtu anamletea mgeni kahawa siku saba, anajua kwamba hatii sukari, anajua mtoto hali vitunguu, halafu siku ya nane mgeni anachukuliwa saa kumi alfajiri wakati mhudumu yuko kwao Kinyasini amelala. Si kwamba mgeni yule alikuwa bahili. Alipomkumbuka, hakuwa na wa kumpa.

Sisi wa vyumbani tulikuwa na nafuu, kwa kuwa mgeni akifunga mabegi hukuta fedha asizokuwa na kazi nazo tena, akaziacha. Shida ni kwamba mara nyingi zilikuwa sarafu.

Hapa kwenye sarafu nataka nikae kidogo. Sarafu ya yuro 2 inapendeza, ina rangi mbili, nzito mkononi, na kwao inanunua kahawa. Ukimwachia mtu wa Kiwengwa umempa kazi ya ziada. Maduka ya kubadilishia fedha hayazipokei, wanataka noti tu. Mimi nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, zikifika yuro 50 ninamtafuta mgeni mwenye uso wa kuongeleka, anayeondoka kesho, nimwombe anibadilishie kwa noti. Sasa hebu fikiria. Kanuni ya hoteli inakukataza kumwomba mgeni chochote. Wewe unatakiwa umweleze, kwa Kitaliano cha kuokoteza koridoni, kwamba huombi, unabadilisha, huku kopo linalia kwapani kama manyanga. Wapo waliocheka wakanibadilishia na kuniongeza kumi juu. Yupo bibi mmoja alidhani namuuzia kitu, akanifungia mlango taratibu. Wenzangu waliochoka na fedheha hiyo waliziuza kwa vijana wa ufukweni kwa nusu ya thamani. Miaka ya karibuni Wapoland wamekuwa wengi Unguja, na mdogo wangu aliyebaki kwenye kazi ile ananiambia siku hizi makopo yana zloti.

Noti nazo zina mambo yake. Dola iliyochanika pembe au iliyochorwa kwa kalamu hukataliwa. Dola kongwe, hasa zilizochapishwa kabla ya 2006, zina taabu hiyo hiyo, na noti za dola 1 hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100. Kwa hiyo mgeni anayetoa dola moja moja akidhani anarahisisha, kumbe anampunguzia. Shilingi haina maswali. Ukimpa mtu noti ya 10,000 saa nane mchana, saa kumi imeshakuwa unga wa ngano na mafuta ya taa.

Kulikuwa pia na sanduku. Liliwekwa mapokezi, la mbao, lina tundu juu na kufuli dogo ubavuni, na mgeni aliyetaka kutushukuru sote aliambiwa atie humo. Sanduku lile ndilo lililokuwa tumaini la watu ambao mgeni hawaoni: wa jikoni nyuma, wanaoosha sufuria, walinzi wa usiku, na yule mzee aliyeamka kabla ya adhana kukusanya kwa reki majani yaliyoletwa na bahari ili wageni wakiamka wakute mchanga mweupe. Na dobi. Nilipokuwa dobi tulikuwa wanawake sita kwenye chumba cha bati, mashine mbili, moja mbovu, joto la kukausha shuka mchana kutwa. Miezi minane niliyokaa mle sikuwahi kupewa hata shilingi mia mkononi na mgeni, na sikuwalaumu, kwani hakuna mgeni anayeliangalia taulo lake akaona mikono.

Fedha za sanduku ziligawanywa kwa pointi. Wakuu wa idara walikuwa na pointi tano, wahudumu wa mezani tatu, vyumbani mbili, dobi moja. Nani alipanga hivyo? Wenye tano. Mgao wangu mkubwa kuliko yote nikiwa dobi ulikuwa shilingi 38,000, wa Desemba. Aprili na Mei mgao haukuwepo kwa sababu hoteli ilifungwa, masika, na wengi wetu tulirudi majumbani bila mshahara kusubiri Juni. Ndiyo maana watu wa hotelini wanaikimbiza Agosti na Desemba kwa pupa ambayo mgeni anaweza kuiona kama tamaa. Wana miezi miwili mbele yao ya kula walichoweka.

Je, sanduku ni jambo zuri? Nimebadilisha mawazo mara nyingi. Likiwa na mtu mwaminifu na hesabu ikabandikwa ukutani, hakuna njia bora ya kumfikia aliye nyuma. Letu lilifunguliwa na mtu mmoja, mlango umefungwa, na hesabu tuliambiwa kwa mdomo. Siku hizi nikifika mahali huuliza mhudumu kwa sauti ya chini, "Hili sanduku linawafikia?" Jibu halimo kwenye maneno yake. Akisema "ndiyo" haraka na kuendelea na kazi, natia. Akiangalia kwanza upande wa ofisi, nampa mkononi.

Lakini mkononi nako kuna maneno, hasa ukiwa mwanamke.

Mama alikuwa mkulima wa mwani, Pwani Mchangani. Anaingia majini bahari ikikupwa, anafunga vishada kwenye kamba, baada ya wiki sita hivi anavuna, anaanika, anauza kwa shilingi mia chache kilo moja. Hakuipenda kazi yangu. Wakati ule msichana wa kijijini anayeingia hotelini alisemwa mpaka misikitini. Siku nilipomletea noti ya kwanza niliyopewa mkono kwa mkono, aliiweka juu ya mkeka akaitazama kama samaki asiyemjua jina. Akaniuliza, "Hii umepewa kwa kazi au kwa sura?"

Nilikasirika. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa amenipa kipimo. Mgeni mmoja wa kiume, aliyekaa peke yake wiki mbili, alikuwa akinisubiri chumbani kila asubuhi anipe yuro 5. Ananipa, halafu haachii. Mkono wake unabaki juu ya wangu, anazungumza, anatabasamu. Siku ya nne nikamwomba mwenzangu tubadilishane koridoni. Yule mgeni akalalamika mapokezi kwamba mimi sina adabu, yeye amekuwa mkarimu kwangu. Nikaitwa kujieleza.

Kwa hiyo nikiwaambia wanaume wanaosafiri wasimpe msichana wa vyumbani fedha mkononi wakiwa wawili chumbani, mlango umerudishwa, si kwamba nawadhania vibaya. Hata akiwa na nia njema, msichana hana namna ya kuijua nia hiyo, na anayepita koridoni hana namna ya kujua kilichotokea ndani. Weka juu ya mto, toka, nenda kanywe chai. Au mpe koridoni, watu wakiona, neno moja la shukrani, basi.

Na juu ya mto weka na karatasi. Hili sichoki kulisema. Fedha iliyo mezani ni fedha iliyosahauliwa mpaka mwenyewe aseme vinginevyo. Kipande cha karatasi kilichoandikwa "Ahsante, hii ni yako" kina thamani kuliko noti yenyewe, maana ndicho kinachomwezesha mtu kutoka nayo getini bila kupekuliwa roho. Baada ya mkasa wa droo, nilikuwa na karatasi kama hizo nimezibana nyuma ya kitambulisho, nyingine za Kitaliano nisizozielewa vizuri, nikizitunza kama risiti.

Kuhusu jina la kitu chenyewe, Kiswahili hakijatusaidia sana. Hotelini tunasema tipu, "mgeni katipu", "leo sikutipiwa". Wazee wanasema bakshishi, na wengine wakilisikia neno hilo wanasikia harufu ya rushwa. Chai imeshachukuliwa na askari wa barabarani, takrima imeharibiwa na wagombea ubunge. Mimi nalipenda "kifuta jasho", kwa sababu linakiri kwamba mtu alitoka jasho.

Agosti 2023 mume wangu alipata fedha za kazi moja ya umeme, akasema twende mahali ambapo mimi nitahudumiwa. Tukachagua Diani, kwa upande wa Kenya, ili nisikutane na ninaowajua. Basi la asubuhi kutoka Dar, Tanga, mpaka wa Horohoro, Lunga Lunga, tukashuka Ukunda usiku tumejaa vumbi. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 17 za kwetu, na kosa letu la kwanza lilitoka hapo. Kijana wa tuktuk alitubebea mabegi mpaka mapokezi, mume wangu akampa noti ya 50 akiona ni nyingi, kisha dakika kumi baadaye, hesabu imempotea, akampa aliyetufungulia mlango 1,000, noti kubwa kuliko zote Kenya, akidhani ni sawa na elfu moja ya kwetu. Yule wa mlango alituangalia kwa heshima siku nne zote. Kila tukitoka anakimbia. Mume wangu akawa anapita mlango wa bustanini kumkwepa.

Nilijifunza kitu kingine ambacho upande wa pili sikukijua: mgeni mweusi haonekani. Sisemi kwa uchungu, nasema kama mtu aliyewahi kufanya hivyo hivyo. Asubuhi ya kwanza mhudumu alipita meza yetu mara tatu kuwafuata Wajerumani wawili waliokuja nyuma yetu. Mume wangu akanuna, "Huyu hapati hata senti." Nami nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukigawana vyumba Kiwengwa, tukisikia familia ya Dar imefika tunasukumiana: hao hawatipu, wanaleta mchele wao, wanataka chumvi zaidi. Tulikuwa tunawahudumia kwa adabu lakini bila moyo, nao wanaondoka bila kuacha kitu, nasi tunasema si tulijua? Duara hilo sijui lilianzia wapi. Asubuhi ya pili nilimwita yule mhudumu kabla ya chai, nikamuuliza hali, kwao wapi. Kumbe Msambweni. Nikamwambia nilifanya kazi hii miaka saba. Akakaa kimya, kisha akasema, "Basi mama unajua vile mguu unauma saa hizi." Kuanzia hapo tulikuwa na watu.

Mume wangu anadai nilimhonga kwa maneno. Sawa. Wahudumu wengi niliowajua wangechagua kuulizwa hali kwa dakika mbili kuliko shilingi mia, ingawa wangechagua 500 kuliko vyote viwili, tusidanganyane.

Siku ya tatu ikawa ya ufukweni. Maji yakikupwa Diani unaweza kutembea kwa miguu mbali kabisa, ukaona samaki wa nyota na pweza kwenye mabwawa ya miamba. Kijana mmoja akaungana nasi. Mcheshi, anajua jina la kila kiumbe, anampangia mume wangu pa kukanyaga asichomwe na miiba ya baharini. Nilimuuliza mwanzoni, kiasi gani? "Ah dada, nyinyi ni wetu, mtanipa chochote roho itakayopenda." Na mimi, mtu wa Kiwengwa, niliyekua pamoja na vijana hao, niliyewaona wakisema maneno hayo hayo kwa Kitaliano, nikakubali! Tulizunguka saa nzima na nusu. Mwishoni nikatoa 500. Akaiangalia. "Dada, wazungu wananipa 2,000." Nikamwambia mimi si mzungu. Akasema, na hapo alinipata barabara, "Lakini hoteli umelala ya wazungu."

Tulibishana mchangani, watu wa ngamia wakitutazama. Mwisho tulikubaliana 1,200, akaondoka hana furaha, nami sina furaha, na matembezi mazuri kuliko yote ya safari ile yakaharibika mwishoni. Alichokifanya ni kazi, na kazi ina bei. Nilitakiwa niidai bei mwanzo, kabla ya hatua ya kwanza, hata kama angenizungusha maneno. Kifuta jasho kinakuja baada ya bei, na ni hiari. Nilipoacha vyote viwili viwe kitu kimoja, nilimnyang'anya yeye ujira na nikajinyang'anya mimi hiari. Siku hizi mtu akiniambia "chochote utakachopenda" namjibu, "Mimi napenda kuambiwa bei." Wengi wanacheka, wanaitaja.

Bili ya chakula cha usiku ilikuwa na mistari mingi kuliko wali tulioletewa: kodi ya ongezeko la thamani asilimia 16, tozo ya utalii asilimia 2, halafu ada ya huduma asilimia 10. Mume wangu akasema basi, huduma imeshalipwa. Nikamwita mtu wetu wa Msambweni. "Hii kumi inakufikia?" Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Inafika, mama. Lakini inazunguka kwanza." Tukaelewana. Ada ikiwemo kwenye bili hulazimiki kuongeza, na usimwache mtu akuonee haya kwa hilo. Lakini tulimwekea 200 chini ya kisahani, nikamwonyesha kwa jicho kwamba ni yake.

Kuna watu ambao hupaswi kuwapa fedha kabisa, na hili wageni wa mbali hulikosea zaidi kuliko sisi, ingawa nimewaona watu wa Dar wakilikosea pia. Mjomba wangu ni nahodha wa ngalawa. Aliwahi kumvuta mgeni aliyeshikwa na mkondo, akamleta nchi kavu, akamfunika kikoi chake. Yule mgeni akakimbilia chumbani akarudi na dola 100. Mjomba akazirudisha. Mgeni akadhani anataka zaidi, akaongeza! Mzee akageuka akaenda zake, na wiki nzima alikuwa akilisimulia tukio lile kama tusi. Kesho yake mfasiri mmoja mwenye akili alimshauri mgeni aende nyumbani na mfuko wa sukari na majani ya chai, akae barazani, anywe kahawa. Alikwenda. Sukari ilipokelewa kwa mikono miwili, na mpaka leo mjomba humtaja mgeni yule kwa wema.

Watoto nao. Mtoto akipewa dola ufukweni saa tatu asubuhi, kesho hataiona sababu ya kuwa skuli saa hiyo, na keshokutwa atakuja na mdogo wake. Nimeona darasa zima la kaka zangu likipungua hivyo. Ukiwa na mkono mwepesi, mwalimu mkuu yupo, ulizia chaki zimebaki ngapi.

Mimi binafsi nafanyaje sasa? Chumbani huweka shilingi 5,000 za kwetu kwa usiku, au kadiri yake kwa fedha za nchi niliyopo, na huweka kila asubuhi badala ya mwisho, kwa kuwa anayesafisha Jumatatu huenda Alhamisi yuko mapumzikoni. Hamali wa mabegi 2,000. Mkahawani ambako bili haina ada ya huduma, kama asilimia kumi, na pungufu ya hapo nikikosa, bila kujificha. Kwenye chombo cha bahari nampa nahodha ya wote, mbele ya mabaharia wake, nikitaja kiasi kwa sauti. Ramadhani, anayenihudumia futari huku yeye mwenyewe kafunga, nampa mapema ili naye apate kutuma tende nyumbani. Na safari ambazo mfuko umekauka, naandika jina la mtu kwenye karatasi ya maoni, nikieleza alichofanya. Kiwengwa, karatasi mbili za namna hiyo ndizo zilizonitoa pointi mbili nikapanda tatu.

Asubuhi ya kuondoka Diani tulichelewa. Basi la kurudi linapita Ukunda mapema na mume wangu alikuwa akiita tangu koridoni, "Mama watoto, tunaachwa!" Nikatoa noti ya 500 ya usiku wa mwisho, nikaiweka mezani, juu yake gilasi isipeperushwe na feni, nikakimbia.

Tulikuwa tumeshapakia mabegi kwenye tuktuk. Nikasikia viatu vya plastiki vinakuja mbio kwenye kokoto. Msichana wa vyumbani, mdogo, ushungi umemteleza, noti mkononi ameinyoosha mbele kama kitu kinachounguza.

"Mama, umesahau pesa yako!"

Nikamwambia sikusahau, ni yake. Akasimama, akapumua, akaangalia nyuma kule kwenye mlango, ambako mwanamume mwenye shati la supavaiza alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Basi niandikie," akasema. "Hapa tu, kwa karatasi yoyote. Andika na namba ya chumba."

Sikuwa na karatasi ila ile bili ya chakula cha usiku. Nikaiweka juu ya goti, dereva akinikodolea macho, mume wangu akitazama saa, nikageuza upande usio na hesabu, nikaanza kuandika.